Unauza sarafu za babu mtandaoni? Angalia pesa inaelekea upande gani

Tuseme babu alikuachia kopo la sarafu. Ndani kuna senti kumi zenye tundu katikati, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba aliyesimama mbele ya milima, shilingi tano ya 1973 iliyotolewa Kenya ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, na sarafu mbili tatu za shilingi 40 zenye sura ya Rais Kibaki. Umezipanga kwa meza, ukazipiga picha, ukaziposti kwenye kundi la wauzaji na kuandika 18,000 kwa zote. Dakika kumi hazijaisha, simu inalia.

"Hello boss, hizo sarafu bado ziko? Nazichukua zote. Nipe nambari nikulipe saa hii."

Hajauliza ni za miaka gani. Hajaomba picha ya upande wa pili. Hata bei hajajaribu kushusha, na hapa kwetu hata nyanya za soo moja tunapatana bei.

Wanaokusanya vitu vya kale wanajulikana kwa maswali yao ya kuchosha. Atataka kuona mwaka, atauliza kama pembeni kumeliwa, ataomba picha ukiwa umeiweka juani, kisha atakwambia bei yako ni ya wazimu. Huyo msumbufu ndiye mnunuzi. Yule anayekubali kila kitu kwa sentensi moja ndiye tunayetaka kuongea juu yake leo, kwa sababu wauzaji wakituletea malalamiko, mara nyingi stori huanza na mteja ambaye hakuwa na swali lolote.

Kuna jambo moja la kushika kabla hatujaenda mbali. Ukiuza kitu, pesa ina njia moja tu: inatoka kwake, inakuja kwako. Ujanja karibu wote tutakaoeleza hapa unafanya kazi kwa kuigeuza njia hiyo, hadi wewe muuzaji unajikuta ndiye unayetuma pesa, au unatoa mali wakati pesa bado haijafika.

Meseji si pesa

Ujanja uliozoeleka zaidi ni meseji ya uongo. Inaingia kwenye simu yako ikiwa imeandikwa vizuri kabisa, na nambari ya muamala, jina, kiasi, tarehe na saa. Wakati huo huo kuna boda nje ya geti, na mnunuzi yuko kwenye laini anakuharakisha: "Mama, si umeiona? Mpe huyo kijana basi, ana safari ingine."

Kwanza angalia imetoka wapi. Meseji yetu ya malipo haitoki kwa nambari ya kawaida ya mtu. Lakini usiishie hapo, maana hata jina la mtumaji huigwa. Kuna kitu kimoja ambacho tapeli hakijui, nacho ni salio lako. Kama asubuhi ulikuwa na 1,240 na umelipwa 18,000, salio jipya ni 19,240. Tapeli atabahatisha, au ataiacha hiyo sehemu kabisa. Ndio maana wengine huuliza mapema, kama mzaha tu: "Hiyo laini iko na ngapi saa hii, isije ikajaa?" Usimwambie.

Njia ya uhakika ni kuangalia salio wewe mwenyewe, kwa simu yako, kupitia programu yetu au menyu ya laini. Usifungue linki aliyokutumia. Usimpe simu yako "akuonyeshe mahali pa kubonyeza." Picha ya skrini ya simu yake haithibitishi chochote, kuibadilisha tarakimu ni kazi ya dakika chache. Na akisema mtandao uko chini, mwambie basi mtangoja urudi. Kuna siku mifumo hukwama kweli, wetu pia, hatutajifanya. Siku hiyo sarafu hazitoki nyumbani. Shilingi iliyotengenezwa 1942 inaweza kungoja mpaka kesho.

Mnunuzi wa laki tano

Kama uko kwenye makundi ya kuuza na kununua, umeliona tangazo: tunanunua sarafu ya 40 ya Kibaki, laki tano, pesa taslimu. Sarafu yenyewe ni ya kweli. Ilitolewa 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, ni ya madini mawili na inapendeza machoni. Lakini wengi wetu bado tunayo kwenye droo au kwenye mkoba wa zamani, na kitu ambacho wengi wanacho hakiuzwi laki tano.

Unapiga ile nambari. Anayeshika ni mpole, anaongea kama karani wa benki. Anaomba picha, anakwambia hongera, sarafu yako imepita. Kisha inakuja ada ya usajili, 1,500. Ukituma, siku ya pili inatakikana pesa ya cheti cha uhalisi, 4,500. Siku ya tatu anakuletea habari njema: milioni yako imeshatumwa, ila imekwama kwa sababu laini yako haijaruhusiwa kupokea kiasi hicho, kwa hivyo tuma 9,800 ya kuifungua. Huyu mtu hakuwahi kutaka sarafu. Alitaka ada.

Kupokea pesa kwa simu hakulipiwi. Aliyetuma ndiye anayekatwa, na wewe utakatwa ukienda kuzitoa kwa ajenti. Hakuna muamala unaokaa hewani ukingoja mpokeaji alipie ndipo ushuke. Na hiyo milioni isingeweza kuja kwa njia hiyo hata kama angekuwa nayo: tangu Agosti 2023 muamala mmoja wa pesa za simu hapa Kenya hauvuki 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Anayetaka kulipa zaidi ya hapo aende benki.

Mchezo huu haukuanzia hapa. India walikuwa nao kwa wingi kiasi kwamba Agosti 2021 Benki Kuu yao ilitoa onyo kwa umma: kuna watu wanatumia jina lake kudai ada na kamisheni kwa wanaouza noti na sarafu za zamani mtandaoni, nayo haihusiki na biashara hiyo kabisa. Wale wa kwetu nao wanapenda majina makubwa. Utasikia benki kuu, utasikia makumbusho, utasikia mzungu wa Ujerumani ambaye ndege yake inaondoka Ijumaa.

Ndugu yake wa karibu ni yule anayenunua noti za zamani za elfu moja. Noti hizo zilikoma kuwa pesa halali 1 Oktoba 2019. Mkusanyaji anaweza kutaka moja safi, isiyokunjwa, yenye nambari za kupendeza. Lakini anayetaka bunda zima, na ana "njia yake ya ndani" ya kuzibadilisha mradi umtangulizie kidogo, huyo mwache aende.

Pesa imeingia kweli, lakini ni ya nani?

Hii ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu ulifanya kila kitu sawa. Umeuza saa ya mkononi ya zamani kwa 12,000. Umeangalia salio mwenyewe na limepanda. Ila jina la aliyetuma si la yule mnayeongea naye.

"Huyo ni shemeji yangu," anasema.

Inawezekana. Kenya tunalipiana sana, na hakuna ubaya. Lakini inaweza pia kuwa hivi: tapeli ameposti simu ambayo hana, akapata mteja wa hiyo simu, akampa nambari yako alipie. Yule mteja anaamini amenunua simu. Wewe unaamini umeuza saa. Tapeli anaondoka na saa bila kutoa hata shilingi, na kesho yake aliyelipa anakwenda polisi. Nambari iliyo kwenye karatasi yake ni yako.

Kwa hivyo jina la anayelipa lilingane na la anayechukua mali. Mwambie alipe kwa laini yake mwenyewe. Kama kweli ni shemeji, ongea na huyo shemeji kabla ya kukabidhi chochote, na umuulize swali moja: "Unalipia nini?" Akijibu "saa," sawa. Akijibu "si ile simu," basi nyote wawili mmeokoka.

Vivyo hivyo kwa yule "aliyekosea sifuri." Mlipatana 5,000, anasema ametuma 15,000 na anaomba umrudishie 10,000 haraka, mtoto yuko hospitali. Mara nyingi ni meseji ya uongo tu, na pesa utakayomrudishia ni yako. Lakini hata kama salio limepanda kweli, usitume wewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni, kwa njia ya kawaida. Pesa ikirudi hivyo, inarudi ilikotoka na kuna rekodi. Ukiituma mwenyewe kwa nambari nyingine aliyokupa, halafu mwenye pesa halisi ajitokeze na kudai, utakuwa umelipa mara mbili.

Analipa, anachukua, halafu anageuka

Wengine hulipa sawasawa, kwa jina lao, wakachukua mali, kisha wakaomba muamala urudishwe wakidai walikosea nambari. Tunaulizwa sana kama hilo linawezekana. Ombi la kurudisha pesa halifuti muamala papo hapo eti kwa sababu mtu ameomba. Upande wa pili huulizwa, na upande wa pili ni wewe. Kwa hivyo ukipata simu au meseji kuhusu ombi kama hilo, usiipuuze, na usikasirike ukazima simu. Jibu, na uwe na cha kuonyesha. (Na kwa sababu matapeli nao hujifanya sisi: hatutakuomba nambari yako ya siri, hata siku moja. Ukiwa na shaka kata simu, kisha upige wewe kwa nambari yetu unayoijua.)

Cha kuonyesha hutengenezwa kabla mali haijatoka mkononi. Muda mfupi kabla ya kukabidhi, mwandikie mnunuzi kwenye yale yale mazungumzo mliyopatana bei: "Nimepokea 18,000 kwa sarafu 11 za kwenye picha. Umezikagua na umezikubali?" Ngoja ajibu. Akiandika "sawa" tu, inatosha. Mtu aliyekosea nambari hawezi kuwa alikagua sarafu zako.

Kuna wa aina nyingine ambaye hataki pesa zake zirudi tu. Anataka abaki na kitu chako na wewe urudishiwe kingine. Hapa ndipo vitu vya kukusanya vinatofautiana na kuuza viatu au redio, na hapa ndipo wauzaji wapya wanaumia.

Chukua ile shilingi ya Afrika Mashariki. Zilizotengenezwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha ndani yake. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa, zikawa za shaba na nikeli. Simba ni yule yule, milima ni ile ile, na kwa mtu asiyejua, ya 1942 na ya 1952 ni kitu kimoja. Umemuuzia mtu ya 1942. Siku tatu baadaye anapiga akiwa amekasirika: umeniuzia feki, nimeipeleka kwa fundi ameniambia haina fedha, nataka pesa zangu. Anakurudishia sarafu, na kweli haina fedha. Ni ya 1952. Mzani hautakuokoa, kwa sababu uzito wao unakaribiana sana, gramu 7.8 hivi. Kitakachokuokoa ni picha uliyoipiga mapema, inayoonyesha mwaka wazi pamoja na ile mikwaruzo ambayo ni ya sarafu yako peke yake.

Sarafu iliyopita mikononi mwa watu ina uso wake. Kuna pahali imegongwa, kuna doa jeusi karibu na sikio la simba. Piga picha pande zote mbili, karibu kabisa, mwanga ukitoka ubavuni ili mikwaruzo ionekane. Kama kuna herufi ndogo kama H au KN, alama za viwanda vya Birmingham vilivyotengeneza baadhi ya sarafu hizi, hakikisha zinasomeka. Noti ni rahisi zaidi maana kila moja ina nambari yake. Na kama unauza santuri, igeuze kwenye mwanga uangalie ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo: kuna nambari zilizochorwa pale. Zipige picha, pamoja na mikwaruzo. Mtu akikurudishia santuri iliyochakaa kwenye jalada lako safi, utamwonyesha picha bila kupiga kelele.

Picha hizi zitume kwa mnunuzi mwenyewe kabla hajalipa, zisikae kwenye simu yako peke yake. Zikiwa kwenye mazungumzo yenu zina tarehe, na hawezi kusema hajawahi kuziona. Ukituma kwa kifurushi, rekodi video moja bila kukata, ukionyesha kitu, ukikifunga, hadi jina lake likiwa juu ya bahasha. Kwenye ofisi ya kutuma mizigo, risiti iandikwe "sarafu 11," isiandikwe "bahasha." Na pesa iwe imeingia kabla. Yule wa "tuma kwanza, nikiipata nalipa" anaomba mkopo kwa mtu asiyemjua.

Hapa kuna jambo la pembeni lakini limewaharibia wengi. Mnunuzi akikwambia sugua sarafu kwa ndimu na majivu tuone kama inang'aa, kataa. Wakusanyaji hawapendi sarafu iliyosuguliwa, na ukishaisugua thamani yake imeshuka hata kama huyo aliyekuomba ataichukua. Wengine huomba hivyo makusudi, kisha wanarudi na bei ya chini.

Mkikutana uso kwa uso

Kwa vitu vidogo vya bei kubwa, kukutana ndiyo njia nzuri zaidi. Chagua mahali penye watu na penye mtandao mzuri, kama mkahawa ulio ndani ya supamaketi au ukumbi wa benki, mchana. Nenda na mtu. Mwache akague kwa muda anaotaka, hata na kioo cha kukuzia, lakini sarafu zote zisiwe mezani kwa pamoja. Toa moja, irudi, toa nyingine. Si lazima umshuku. Hata wauzaji wa vito hufanya hivyo.

Akitaka kutuma mtu wa boda achukue, sawa, ila boda aje baada ya pesa kuingia, si wakati inangojewa. Huyo kijana wa boda mara nyingi hajui chochote, ametumwa tu kama anavyotumwa kupeleka chipo. Usimgombeze. Mpe maji, mwambie angoje au arudi.

Kuhusu hundi, tuseme kwa kifupi. Karatasi ya kuonyesha kwamba hundi imewekwa kwenye akaunti yako haimaanishi pesa ipo. Hundi huchukua muda kupita, na inaweza kurudi. Ngoja benki yako ikwambie pesa zimekuwa zako.

Ikishatokea

Kama umeshatuma ada, au umegundua ile meseji ilikuwa ya uongo na boda ameshaondoka, tupigie saa hiyo hiyo, kabla ya kumpigia tapeli kumtukana. Tunajua hasira ilivyo, lakini ukimpigia kwanza unamwamsha. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti aliyotumiwa, kuna la kufanya. Ikishatolewa kwa ajenti, kazi inakuwa ngumu zaidi, na hatutakudanganya kwamba tutairudisha.

Usifute mazungumzo, hata yale ya aibu. Watu wengi hufuta kwa sababu wanaona haya kwamba walitumwa 1,500, kisha 4,500, kisha 9,800. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe, upewe nambari ya OB, na uje nayo. Hapa Kenya kupata mali ya mtu kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3. Kuna pia Sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni. Polisi watataka nambari za simu, nambari za muamala, picha za kitu kilichochukuliwa, na mazungumzo yote. Mtu aliyepiga zile picha tulizosema ana kesi. Asiyepiga ana stori tu.

Na ukiandikisha, waambie pia wenzako kwenye lile kundi ulikouzia, kwa nambari aliyotumia. Anayenunua sarafu za Kibaki kwa laki tano hajanyamaza baada yako. Jioni hiyo hiyo anapigia mtu mwingine mwenye kopo la babu yake.